Muulize Anti: Usafi wa Stamford, terazo ya Ngara na ajenti wa viza

Tangu nitaje hapa kwamba niliwahi kufanya kazi ya kusafisha manyumba Stamford, kale kamji ka mawe kako Lincolnshire, Uingereza, barua hazijakoma. Wengi wanauliza pesa, wengine wanauliza viza, na kuna mmoja ameuliza kama ni kweli wazungu hawadeki. Wanadeki, jameni, ila si vile wewe unadeki, na hiyo ndiyo shida ya barua ya kwanza.

Shikamoo Anti. Mdogo wangu alimfuata bwanake huko huko Stamford, ana viza ya mke, na amepata kazi kwa kampuni ndogo ya usafi. Sasa kila usiku ni WhatsApp na kulia. Yeye amezoea ya kwetu, maji mengi, Jik, brashi ngumu, halafu unasukuma yote nje na skwiza. Siku ya kwanza alimwaga ndoo sakafuni, supavaisa akaruka, akamnyang'anya ile ndoo na akampatia kitambaa chenye unyevunyevu na kabrashi ka nywele laini kama ka kupaka rangi. Huyo mama anamdharau ama ndio utaratibu wa huko? Na kingine, wanamtuma nyumba tatu kwa siku na anatembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, huo muda si anafaa kulipwa? – Dadake, Kayole

Marahaba mwanangu. Mwambie afute machozi, hajadharauliwa hata kidogo, hapo kilichookolewa ni sakafu ya watu na pengine kibarua chake.

Stamford imejengwa karibu yote kwa jiwe la chokaa. Mawe yalitoka vijiji vya jirani kama Ketton na Barnack, na hata mapaa ya nyumba nyingi za zamani ni vipande vya mawe vya Collyweston, ambavyo mafundi walikuwa wanaacha miamba nje wakati wa baridi wakiilowesha maji, barafu inaipasua yenyewe inakuwa vibao vyembamba vya kuezekea. Mwaka wa 1967 mji huo ndio ulikuwa wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi, na nyumba zake kwa mamia ziko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Ukiharibu kitu humo ndani, huwezi tu kumpigia fundi wa Gikomba simu.

Sasa sikiliza kuhusu jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa na asidi haviishi pamoja. Ukidondosha siki, ndimu, ama ile dawa kali ya choo juu yake, linatoa povu, na hilo povu si uchafu unaotoka, ni jiwe lenyewe linaliwa. Ukipangusa unaona doa jeupe limefifia na halitoki tena mpaka mtu aje alisage. Jik nayo si asidi lakini jiwe lina vitundu vitundu, linainywa, maji yakikauka chumvi inabaki mle ndani, na kwa jiwe la zamani ni chumvi inayolimomonyoa polepole. Ndiyo maana wanatumia sabuni laini isiyo na ukali wa upande wowote, tone dogo kwa ndoo nzima, mopu inakamuliwa mpaka karibu ikauke.

Na maji yenyewe pia ni hatari, hii ndiyo watu wetu hukataa kuamini. Nyumba yako ya Kayole iko na nailoni chini ya zege, maji hayaendi popote. Nyumba ya miaka ya 1600 au 1700 haina, mawe ya sakafu mara nyingi yamelazwa tu juu ya udongo, kwa hivyo ukimwaga ndoo yanaingia kwenye viungo, yanapanda ukutani, na baada ya muda unaona ukuta unatoa kitu cheupe kama unga na lipu inabambuka. Lipu ya zamani ni ya chokaa, inanyonya unyevu na kuuachilia, ukiilowesha kila wiki hiyo kazi inaishinda. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa hahitaji kuelezwa hii, nyumba zao za matumbawe na lipu ya chokaa zina tabia hiyo hiyo, na matumbawe na jiwe la Stamford ukiyachunguza kikemia ni ndugu.

Kale kabrashi sasa. Nyuma ya kuta za mawe utakuta nyumba nyingi zina boriti za mwaloni za zamani kuliko hizo kuta, zimepasuka pasuka na zimejaa mikunjo. Kitambaa kibichi kinasukuma vumbi ndani ya nyufa linakuwa tope. Brashi laini inafagia vumbi kuelekea mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi, mkono huu brashi, mkono ule mpira wa mashine, na mdomo wa mashine haugusi mbao. Mashine yenyewe bila shaka atapewa Henry, ile nyekundu iliyochorwa macho na tabasamu halafu mpira wa kuvutia ndio pua, inatengenezwa Chard huko Somerset na kila msafishaji wa Uingereza ameivuta kwenye ngazi akiitukana. Inafanya kazi lakini, hata miaka ikipita.

Akiwa kwenye boriti afungue macho. Akiona chini yake kuna unga laini wa mbao, na wiki iliyofuata uko tena pale pale, asipanguse tu aende zake, apige picha amtumie supavaisa. Hao ni wadudu wanakula mbao, na wanapenda mwaloni uliopata unyevu, kwa hivyo pengine paa linavuja na mwenye nyumba hajui. Mtu wa kwanza kujua huwa ni msafishaji. Mteja akiambiwa kitu kama hicho mapema, hatamwacha huyo msafishaji aende tena.

Madirisha pia ataona maajabu. Kuna yale ya vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na vipande vya madini ya risasi, ukisukuma na kiganja vinapinda, pengine kioo kinatoka kizima. Anapangusa kimoja kimoja kwa kitambaa laini, anatumia ncha ya pamba kwenye pembe, na akimaliza ananawa mikono vizuri kabla ya kugusa chakula kwa sababu risasi ni sumu. Na akikuta nyumba ina umbo la dirisha lakini ndani yake ni ukuta, asitafute ufunguo, Uingereza walikuwa wanalipa kodi ya madirisha kuanzia 1696 mpaka 1851 na watu wengine waliziba yao wasilipe. Binadamu na kodi, hakuna jipya.

Kwa ufupi afanye kazi ya kavu kwanza na ya unyevu mwisho, aanze juu ateremke chini, na asipojua kitu kimetengenezwa na nini asikiwekee dawa mpaka aulize. Kuuliza hakufukuzishi mtu kazi.

Kuhusu miguu: kama ameajiriwa, muda wa kutoka nyumba moja ya mteja kwenda nyingine ndani ya siku ya kazi unahesabiwa kwenye kima cha chini cha mshahara. Kutoka kwake asubuhi na kurudi jioni hauhesabiwi. Aandike kwa kidaftari, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, amefika ya pili saa ngapi, halafu agawe mshahara wake kwa masaa yote aone kama umefika kima. Na ana haki ya likizo ya malipo, wiki 5.6 kwa mwaka, hata kama masaa yake yanabadilikabadilika, wanapiga hesabu kulingana na masaa. Glavu na vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, asinunue na pesa yake.

Anti, niko na ajenti hapa tao ananiambia ana nafasi za usafi wa nyumba kwa miji midogo ya Uingereza, nyumba za kihistoria, unalala huko huko. Anataka 180,000, nusu sasa nusu viza ikitoka. Anasema inaitwa viza ya usafi. Nimeshauza pikipiki. – Kijana wa Githurai

Kijana, hiyo pesa ya pikipiki ishike hivyo hivyo, usiilegeze.

Hakuna viza ya usafi. Uingereza ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, na kazi ya kusafisha nyumba haijawahi kufika kiwango chake, halafu kuanzia tarehe 22 Julai 2025 wakainua kiwango hadi kazi za ngazi ya digrii kwa maombi mengi mapya, na siku hiyo hiyo wakafunga mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Kwa hivyo hata ule uongo wa zamani wa "unaingia na kazi ya kulea wazee halafu unageuza" umekufa.

Kuna viza moja ya wafanyakazi wa nyumbani, pengine hiyo ndiyo anaizungushia maneno. Hiyo ni ya mtu ambaye tayari amemfanyia kazi mwajiri wake kwa angalau mwaka mzima nje ya Uingereza, na huyo mwajiri ndiye anasafiri naye. Ni ya miezi 6 na hairefushwi. Wewe hujawahi kumfanyia kazi mzungu yeyote, kwa hivyo si yako. Na viza ya kutembea hairuhusu kazi, usidanganywe kwamba utaenda kama mtalii halafu mambo yatajipa.

Ajenti yeyote wa kupeleka watu kazi ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha iko kwenye tovuti yao, angalia jina la kampuni herufi kwa herufi kwa sababu wajanja hubadilisha neno moja. Orodha ya waajiri wa Uingereza wenye leseni ya kuleta watu pia iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Mwambie akuonyeshe jina la mwajiri. Akianza kukuambia "hiyo ni siri ya kampuni", ondoka, na usimwachie pasipoti.

Habari ya huko Anti. Msichana wangu anasoma Leicester na wanapanga nyumba na wenzake. Wanahama mwisho wa mwezi, mwenye nyumba amewaandikia kwamba ni lazima walipe kampuni ya usafi aliyoichagua yeye, la sivyo diposit hairudi. Mimi hapa ndiye natuma pesa. Pia msichana anasema wikendi anaweza kupanda treni aende Stamford akasafishe nyumba za watu ajilipie karo kidogo, ati amepata wateja wake mwenyewe kwa Facebook. Nimkubalie? – Baba Msichana, Lang'ata

Mzee wangu, kwanza weka simu chini, usitume hiyo pesa.

Uingereza kuna Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019, ilianza tarehe 1 Juni mwaka huo, na moja ya mambo iliyopiga marufuku ni mwenye nyumba kumlazimisha mpangaji kulipia kampuni ya usafi. Wajibu wa msichana wako ni kurudisha nyumba ikiwa safi kama alivyoikuta, basi. Akiisafisha yeye na wenzake na ikafika kiwango hicho, amemaliza. Wakiiacha chafu ndipo mwenye nyumba anaweza kukata diposit, na hata hapo anakata gharama ya haki ya kurudisha ilivyokuwa, si bei ya kujitungia, na uchakavu wa kawaida wa kukaa hauhesabiwi.

Hiyo diposit yenyewe haifai kukaa kwake bila ulinzi. Kwa nyumba za kupanga za kawaida alitakiwa kuilinda kupitia moja ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, na kwa nyumba nyingi haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5. Mkigombana, huo mfuko una wasuluhishi na ni bure. Muulize msichana alipewa karatasi ya mfuko gani. Kama hakupewa, mwenye nyumba ndiye yuko taabani kuliko yeye, kwa sababu korti inaweza kumwamuru alipe hata mara tatu ya diposit. Hapa kwetu landilodi anakuambia amepaka rangi na pesa yako na unanyamaza, lakini huko kuna pa kwenda.

Ushahidi ndio kila kitu. Watafute ile ripoti ya siku ya kuingia na picha zake, wasafishe wakiifuata chumba kwa chumba, halafu wapige picha zao siku ya kutoka zikiwa na tarehe. Mahali ambapo wanafunzi hupoteza pesa ni ovena, nyuma ya friji, ukungu mweusi bafuni, na mabaka ya gundi ukutani walipobandika picha. Ovena ichukue kipaumbele. Ile dawa yake inachoma ngozi, avae glavu ndefu, afungue dirisha, apake usiku aache ifanye kazi kama kibandiko kinaruhusu, asubuhi apanguse mara kadhaa mpaka kitambaa kitoke kisafi, na zile waya za ndani aziloweke kwenye beseni.

Kuhusu Stamford, hapa nitakukatiza. Viza ya mwanafunzi wa digrii inamruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini haimruhusu kujiajiri. Kuwa na wateja wako, unawatoza mwenyewe, wanakulipa mkononi au kwa benki, huko ndiko kujiajiri, hata kama ni nyumba moja ya bibi mzee kila Jumamosi. Anaweza kupoteza viza kwa pauni chache. Akitaka kazi ya usafi aajiriwe na kampuni, apate hati ya mshahara, na ahesabu hayo masaa pamoja na kazi nyingine yoyote aliyo nayo. Treni ya kutoka Leicester kwenda Stamford ipo kweli, lakini hilo ndilo jambo dogo hapa.

Anti mambo. Tumehamia fleti ya zamani Ngara, ile ya wahindi ya kitambo, sakafu yote ni terazo. Mama fua alisugua bafu na koridoo na dawa ya choo akachanganya na Jik ati ing'are haraka. Tulikohoa nyumba nzima tukatoka nje, na sasa koridoo ina mabaka meupe hayatoki hata nikisugua vipi. Nimkate mshahara? – Mama Twins, Ngara

Poa dada, na pole. Kwanza mshukuru Mungu mlitoka nje. Dawa nyingi za choo ni asidi, na asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, ile ile inayoua watu ikijaa chumbani. Hiyo michanganyiko ni marufuku kabisa, na usichanganye Jik na sabuni ya madirisha yenye amonia pia. Ikitokea tena, toka, fungua milango, usirudi kuchukua mopu.

Sasa hayo mabaka, rudi usome jibu la Kayole hapo juu. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa na simenti halafu vikasagwa mpaka viteleze. Marumaru ni ndugu wa jiwe la chokaa, na simenti nayo ina chokaa. Asidi imekula uso wa juu, kile unachokiona si uchafu bali ni sakafu iliyokwaruzwa, ndiyo maana ukisugua unazidisha. Tafuta fundi wa terazo mwenye mashine ya kusaga, asage sehemu yote ya koridoo maana akisaga baka tu patabaki na sura mbili, halafu apige polishi. Kutoka hapo ni sabuni laini na mopu iliyokamuliwa. Terazo ya zile nyumba za Ngara na Pangani ikitunzwa inatoa mng'ao ambao taili ya siku hizi haiwezi, na watu wanaifunika na kapeti ya plastiki, inaniuma.

Kumkata mshahara hapana. Nani alinunua hizo dawa zikawekwa bafuni pamoja? Mwite, muonyeshe, muelezee, na hiyo dawa ya choo ikae chooni tu.

Anti, nina kakampuni ka usafi South B, wasichana wanne na mimi. Wateja wa Kilimani wanataka nyumba ya vyumba vinne, sofa, kapeti na madirisha kwa 2,000. Huko Uingereza mlikuwa mnapanga bei aje? – Mhangaikaji

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu swali lako ni la maana kuliko yote.

Huko kazi ya kila wiki inauzwa kwa saa. Mteja hanunui "nyumba", ananunua masaa, na mara nyingi msafishaji hakubali kuja kwa chini ya masaa mawili kwa sababu safari inamla. Kwa hizo saa mnakubaliana kinachofanywa, na mteja akitaka ovena iongezwe, ama aongeze saa ama kitu kingine kisifanywe wiki hiyo. Usafi wa kina, yaani wa kuhama nyumba ama wa baada ya fundi, huo unauzwa kwa kazi nzima, lakini baada ya kuja kuiona kwanza au kutumiwa video. Hakuna mtu mwenye akili anayetaja bei ya nyumba hajaiona. Halafu kuna nyumba za wageni wa likizo, Stamford ina nyingi, wageni wanatoka asubuhi wengine wanaingia alasiri ile ile, na hapo unalipwa kwa kufika saa uliyosema. Shuka, taulo, taka, friji, nywele za bafuni, picha, ufunguo urudi kwenye kisanduku cha namba ukutani. Ukichelewa huna la kujitetea.

Sakafu ya bei ni sheria. Kima cha chini cha mfanyakazi wa miaka 21 kwenda juu kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Usikimbilie kuzidisha hiyo kwa shilingi, kodi ya chumba na chakula vya huko vinaijua kazi yao. Msafishaji aliyejiajiri anatoza zaidi ya hapo kwa sababu hana likizo ya kulipwa, ananunua dawa na mafuta ya gari, akipata zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi lazima ajisajili na watu wa kodi, na wateja wengi wanataka bima ya kuharibu mali. Ukiajiri hata mtu mmoja, bima ya wafanyakazi ya angalau pauni milioni 5 ni lazima kisheria. Hayo yote yako ndani ya bei, mteja anayalipa bila kuyaona.

Sasa fanya hesabu yako hivyo hivyo. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha msafishaji Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Ongeza hiyo posho, mchango wako wa NSSF, bima ya ajali kazini ambayo Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inakutaka uwe nayo, matatu ya wasichana kwenda Kilimani na kurudi, sabuni, na mashine ya kufua kapeti ambayo itaharibika siku moja. Gawa kwa masaa ambayo kweli mko kwa mteja, si masaa ya kusubiri simu. Ukipata namba, hiyo ndiyo chini, chini ya hapo unamlipa mteja wewe ili akuruhusu umsafishie. Wasichana wanne siku nzima kwa 2,000 hata bila kalkuleta unaona.

Jinsi ya kumwambia mteja: usibishane na bei, bishana na kazi. "Kwa 2,000 mama, tutakufanyia jikoni na mabafu vizuri. Sofa na kapeti tupange siku yake." Wengine watakata simu. Wale watakaobaki watakuwa wanajua wananunua nini, na usishangae mmoja wao ana sakafu ya mbao za parke kwa bangalo ya zamani Kileleshwa na ametafuta kwa muda mrefu mtu ambaye hataimwagia maji. Tangaza hilo. Sema wazi kwamba mnajua terazo, parke na marumaru, mafundisho ya wasichana ni asubuhi moja na chupa ya sabuni laini, na hapo unaweza kuweka bei ambayo mwenye ndoo na Jik hawezi kukufuata.

Nasafisha nyumba za watu Kileleshwa, Anti. Mteja mmoja hunifuata chumba kwa chumba ananiangalia mikono. Inachosha roho. – Mama Fua, Kangemi

Najua, dada, na huwezi kumkataza, ni kwake. Lakini unaweza kumpunguzia sababu. Huko Uingereza wateja walikuwa wananiachia ufunguo kwenye kisanduku cha namba wao wakiwa kazini, na hawakuanza hivyo siku ya kwanza, wengi waliomba cheti cha polisi kwanza na majina ya watu wawili niliowahi kuwafanyia kazi. Wewe tengeneza cheti cha mwenendo mwema, unaanzia eCitizen halafu unapigwa alama za vidole, kitembee nawe kwa bahasha ya plastiki. Ukikuta pesa mfukoni ukifua, usiisogeze sogeze, ita mwenyewe. Ukivunja kikombe, sema kabla hajakiona. Mpe miezi. Akiendelea kukufuata hadi chooni, mtafute mwingine, Kileleshwa ina mageti mengi.

Anti, birika langu la stima lina ukoko mweupe ndani. Tunatumia maji ya borehole. Ni sumu? – Syokimau

Si sumu, ni chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ikaganda yakichemka, Stamford kila nyumba inayo kwa sababu maji yao yanapita kwenye mawe. Maji ya mferejini Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, ni laini, ndiyo maana hukuwahi kuiona ulipokaa mjini. Kinachofaa kukusumbua kwa borehole ni floraidi, hiyo haionekani kwa birika na kuchemsha hakuiondoi, peleka maji yapimwe kama watoto wanayanywa. Ukoko wenyewe ni asidi ndiyo dawa, hapa inaruhusiwa: siki nusu, maji nusu, chemsha, zima, acha saa moja, mwaga. Usimwage kwa sinki ya marumaru. Suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage pia, la sivyo chai ya jioni itakuwa na ladha ya kachumbari.